Santuri ya Mwisho ya Bendi ya Hadikoo: Kuirekodi, Kuikata na Kuigawana

Mhadhara kwa wanafunzi wa muziki na mafundi mitambo, Bagamoyo

Wakubwa shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Wa nyuma sogeeni mbele, spika za ukumbi huu hazifiki huko.

Kazi ya leo ni hii. Bendi ya hadikoo imeamua kuvunjika. Ina nyimbo nne, pengine sita, ambazo imezipiga jukwaani lakini haijawahi kuzirekodi. Inataka iache santuri moja ya mwisho kisha kila mtu ashike njia yake. Fundi ni wewe. Mpiga besi ameshapata kazi Mwanza, mwimbaji na mpiga gitaa wanasemeshana kupitia kwa mpiga dramu. Ukisikia gitaa halijakaa sawa Jumatano, hakuna wa kumwita Alhamisi. Kwa hiyo kila uamuzi ambao mafundi wa siku hizi wanauacha mpaka kwenye miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti), hapa unaufanya kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi: sauti ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), kiasi cha mkwaruzo wa gitaa, nani ana neno la mwisho, na pesa zikija zinagawanywaje.

Kwa wasioijua hadikoo: ni tawi la muziki wa panki lililochipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Black Flag walitoka California, Dead Kennedys San Francisco, Bad Brains na Minor Threat Washington. Wimbo unaweza kuisha ndani ya dakika moja. Mapigo 180 kwa dakika ni ya kawaida, na wapo wanaovuka 220. Nyie mliokulia kwenye singeli, inayokimbia mapigo 200 mpaka 300, mwendo huo hauwatishi. Ila singeli mwendo wake umeshikwa na kompyuta. Hadikoo mwendo umeshikwa na kifundo cha mguu cha mtu mmoja, na kifundo kinachoka. Karibu kila nitakachosema kuhusu dramu kinatokana na hilo.

Sasa, santuri za kuagana zina historia yake. Mwaka 1980 vijana wa Washington walioitwa Teen Idles walivunja bendi wakiwa na dola 600 hivi kwenye mfuko wa pamoja, fedha za maonyesho yao yote. Badala ya kugawana wakatoa santuri ndogo ya inchi 7, nakala 1,000, makava wakayakata na kuyagundisha kwa mikono. Lebo ya Dischord ilianzia hapo. Yaani toleo la kwanza kabisa la lebo ile lilikuwa la bendi ambayo haipo tena.

Wawili kati yao, Ian MacKaye na Jeff Nelson, wakaunda Minor Threat. Onyesho lao la mwisho lilikuwa tarehe 23 Septemba 1983, jukwaa moja na Trouble Funk, bendi ya go-go, ule muziki wa kuchezeka wa Weusi wa Washington. Desemba mwaka huohuo wakaingia Inner Ear, studio ya Don Zientara iliyokuwa ndani ya nyumba yake huko Arlington, Virginia, wakarekodi nyimbo tatu. Santuri ikatoka 1985, bendi imeshakufa zamani. Angalieni mpangilio: onyesho kwanza, studio baadaye. Naona mpangilio huo ndio sahihi, na hata bendi yako ikikubishia, isukume huko. Nyimbo zinakuwa zimeshapimwa mbele ya watu, sehemu zinazolegea zimeshajulikana, na hakuna anayetunza nguvu kwa ajili ya onyesho la wiki ijayo. Ila miezi mitatu siwashauri. Mguu wa mpiga dramu wa hadikoo unapoa haraka. Wiki moja, zikizidi sana mbili, inatosha mikono kupona malengelenge na bado mwili unakumbuka.

Jambo jingine: santuri ya mwisho mara nyingi haina kasi ya ile ya kwanza. Santuri ya kwanza ya Minor Threat, 1981, ilibeba nyimbo nane. Ya mwisho, kwa ukubwa uleule wa inchi 7, tatu tu. Black Flag nao, upande wa pili wa albamu yao My War ya 1984 waliweka nyimbo tatu za kujikokota, kila moja zaidi ya dakika sita, na mashabiki wengi walinuna. Watu wakishajua kupiga vyombo vyao wanataka nafasi, na watu waliochokana hawana haraka ya kufurahishana. Kwa fundi maana yake ni moja: usifunge mitambo kana kwamba unarekodi kelele mfululizo. Nyimbo za polepole zina mapengo, na mapengo yanaanika kila kitu: mngurumo wa umeme, spring'i ya pedali inayolia, gitaa lililotoka kwenye tyuni.

Tuanze na chumba. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hapa ni za mawe na chokaa, vyumba vya kama mita 4 kwa 4, dari kama mita 3. Kuta nene zinazuia bodaboda, hilo ni jema. Ubaya ni huu. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti inakwenda mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya upana wa chumba: 349 kwa 8 unapata hetsi (mitetemo kwa sekunde) 43.6. Hapo ndipo chumba cha mita 4 kinapovuma chenyewe. Noti ya F kwenye besi, waya mnene, freti ya kwanza, ni hetsi 43.65. Mpiga besi akiigusa, chumba kizima kinaitikia. Akirudi kwenye E iliyo wazi, hetsi 41.2, uvumi unapungua. Utadhani mtu hajui kupiga. Chumba kikiwa mraba, upana na urefu vinavuma palepale na tatizo linakuwa maradufu. Tafuta chumba ambacho vipimo vyake vitatu havilingani. Ukikosa, weka amplifaya ya besi kama mita 1.3 kutoka kona badala ya kuibana ukutani, na usiketi katikati ya chumba kusikiliza, kwa sababu katikati ndipo uvumi huohuo unapotoweka. Hapo utaongeza besi ambayo tayari ipo.

Magodoro yanasaidia, lakini jueni yanasaidia nini. Godoro la sponji la sentimita 10 lililobandikwa ukutani linameza sauti vizuri zaidi kuanzia kama hetsi 870 kwenda juu. Ukiliacha sentimita 10 mbali na ukuta linashuka mpaka kama 430. Besi haliigusi. Kwa hiyo chumba kilichojaa magodoro mpaka darini kinakuwa kimekufa juu na kinaunguruma chini, na miksi yake inatoka na tope. Magodoro manne yanatosha: mawili nyuma ya dramu, moja nyuma ya kila amplifaya, yote yakiwa yamesimama mbali kidogo na ukuta. Mkeka na zulia sakafuni chini ya dramu, kwanza ili kiki isitembee. Paa la bati wakati wa masika, sahau. Mvua ikigonga bati, siku imekwisha.

Umeme. Wetu ni volti 230, hetsi 50, hivyo mngurumo mtausikia kwenye 50, 100 na 150. Vyombo vyote vya muziki na kompyuta vitoke kwenye soketi moja, kwa ekstensheni nzuri moja inayogawa, ili njia ya ethi (waya wa kwenda ardhini) iwe moja. Friji ya nyumba izimwe au ihamie mzunguko mwingine. Taa za kufifisha zizimwe kabisa, ndizo zinazotia mlio wa nyuki kwenye gitaa la pikapu ya koili moja. Mpiga gitaa ageuke taratibu mpaka apate upande ambao mlio unapungua, kisha wekeni alama ya chaki miguuni pake. Kuna mtindo wa kukata pini ya ethi ili kuondoa mngurumo. Msifanye. Mpiga gitaa ameshika nyaya za chuma, mdomo umegusa maiki, na amplifaya ikivujisha umeme njia yake kwenda ardhini inakuwa yeye. Mngurumo wa ethi unatatuliwa kwa boksi la DI (linalounganisha chombo moja kwa moja na mitambo ya kurekodi) lenye swichi ya kuinua ethi upande wa sauti. Amplifaya iliyotoka Marekani inataka volti 120, ihakikishieni transfoma yenye wati za kutosha. Kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba) ya kuishi robo saa angalau. Umeme ukikatika katikati ya teki (wimbo unaporekodiwa mara moja), hifadhi, zima, subiri. Jenereta ndogo inayumba mapigo yake, na amplifaya ya valvu haipendi kuyumbishwa.

Sasa dramu, na hapa nitakaa.

Chukua mapigo 200 kwa dakika. Gawa 60,000 kwa 200: pigo moja lina milisekunde 300. Katika mdundo wa kawaida wa hadikoo kiki na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) zinapokezana kila nusu ya pigo, yaani milisekunde 150. Basi kiki inayolia milisekunde 400, ile nene tamu ya rege, hapa itakuwa bado inalia snea imeshapita na kiki nyingine imeshapigwa. Matokeo yake ni ngurumo moja isiyo na hatua. Kiki ifupishwe: tia blanketi lililokunjwa ndani, liguse ngozi zote mbili, ngozi ya mbele iwe na tundu. Kaza ngozi ya kupigwa robo mzunguko zaidi ya vile mpigaji anavyopenda. Nyundo ya pedali iwe ya plastiki au mbao, kitambaa kinapoteza ule mguso wa mwanzo. Maiki iingie tunduni sentimita 5 mpaka 8, ikitazama pale nyundo inapogonga.

Snea ivalishwe ngozi mpya siku moja kabla, ikazwe, ilale usiku, ikazwe tena asubuhi. Ukiivalisha asubuhi ya kurekodi itashuka noti kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, na teki mbili hazitaunganika. Maiki ya Shure SM57 ikae sentimita 3 juu ya ukingo, mgongo wake ukielekea haihati (simbali mbili zinazofumbwa kwa mguu), kwa sababu mgongoni ndiko isikosikia. Simbali zipandishwe sentimita 10 kuliko kawaida. Mpiga dramu atalalamika. Mwambie apige nyimbo mbili, mkono utazoea; na usipozipandisha, maiki ya snea itajaa simbali, na kila ukiongeza snea unaongeza mchanga.

Juu ya dramu maiki mbili zinatosha. Chukua kamba, funga ncha moja katikati ya snea, pima sentimita 100 mpaka kichwa cha maiki ya kwanza, na sentimita 100 hizohizo mpaka ya pili. Kamba, si macho. Tofauti ya sentimita 35 ni milisekunde moja, na milisekunde moja inatosha kuifanya snea iwe nyembamba kama bati. Kisha sikiliza kiki pamoja na maiki za juu kwa spika moja, bonyeza kitufe cha polariti (kinachogeuza wimbi la sauti juu chini) cha maiki ya kiki, rudisha, bonyeza tena. Hali yenye besi zaidi ndiyo ya kubaki nayo. Fanya hivyo kwa snea pia. Kazi ya dakika tano, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Vipuri: spring'i moja ya pedali, ngozi moja ya snea, kamba ya nyaya za chini ya snea, fimbo jozi sita. Vinavyokatika ni hivyo, karibu kwa mpangilio huohuo kinyumenyume.

Metronomu masikioni? Kwa hadikoo sipendekezi. Bendi iliyopiga pamoja miaka mitatu ina namna yake ya kukimbilia kiitikio na kuwa nzito kidogo mwishoni, na wakishatawanyika namna hiyo haipatikani tena. Ila pima. Mkiwa jukwaani mara ya mwisho, rekodi kwa simu, hesabu mapigo ya kila wimbo, andika karatasini. Studio watu wana wasiwasi na hukimbia. Wimbo wa mapigo 196 unaanza kwa 210, mwimbaji anakosa pumzi ya mstari wa pili. Kabla ya kila teki mpe mpiga dramu sekunde kumi za metronomu, zima, ahesabu mwenyewe. Teki ya tatu ikishuka kwa mapigo zaidi ya sita, mguu umechoka: pumzika dakika 15, hakuna haja ya hotuba. Wimbo wenye kasi kuliko zote uwe wa tatu kurekodiwa. Wa kwanza mwili haujapata joto, wa tano umeshapungua. Wa polepole funga nao.

Gitaa. Mkwaruzo unaofaa mazoezini ni mwingi mno studio. Gaini (kitufe cha kiasi cha mkwaruzo) iliyokuwa 8 iwe 5. Mkwaruzo mwingi unabana sauti, unafuta mguso wa kipiki, na kwa mwendo huu kodi (noti zinazopigwa pamoja) nne zinageuka uji. Mpiga gitaa akisikia peke yake ataona limekonda, basi msikilizishe pamoja na besi. Baada ya teki nzuri ya bendi nzima, palepale, kabla hajavua mkanda begani, arudie sehemu yake mara moja zaidi juu ya ileile. Teki ya kwanza iende kushoto, ya pili kulia. Unene unatoka hapo, kwenye tofauti ndogondogo za mikono, ambazo hakuna kifaa cha kuzibandika baadaye. Ukisema "atarudia kesho", kesho nyaya zimechakaa zaidi na mtu pengine hayupo.

Nyaya ziwe mpya, unene wa 10 mpaka 52 (sehemu za elfu za inchi) au 11 kwenda juu. Hewa ya bahari inazitia kutu ndani ya siku chache, na jasho linaharakisha. Wapigaji wa hadikoo wanachapa kwa nguvu, na waya ukichapwa kwa nguvu unapanda noti kwa muda kabla haujatulia. Kwa hiyo tyuni ifanywe kwa kuchapa kwa nguvu ileile ya wimbo. Ukityuni kwa kugusa polepole, gitaa zima litakuwa juu ya besi. Tyuni kabla ya kila teki. Ndiyo, kila teki.

Besi irekodiwe mara mbili kwa wakati mmoja: njia safi kupitia DI, na maiki mbele ya spika. Njia safi ni bima. Spika ikipasuka, au F yetu ya chumba ikizidi, unaichukua ile safi unaipitisha kwenye amplifaya siku yoyote, hata mpigaji akiwa Mwanza. Ndicho chombo pekee kinachokubali kuahirishwa, msikitumie kama kisingizio kwa vingine.

Rekodi kwa biti 24, hetsi 48,000, vilele visipite desibeli kumi chini ya sifuri. Hakuna zawadi kwa kukaribia sifuri, na mpiga snea akipata hasira atakupasulia teki bora ya siku.

Sauti ya mwimbaji. Hii inarekodiwa siku hiyohiyo, alasiri, baada ya vyombo. Wengine husema akaimbe wiki ijayo akiwa ametulia. Kwa santuri ya mwisho hapana, asije akakosekana. Koo linalopiga kelele lina dakika 60 mpaka 90, kisha sauti inakuwa bapa. Nyimbo sita, teki tatu kila moja, unakuwa umefika. Maji ya kawaida, yasiyo ya friji. Maumivu yakiwa makali, simama, bila mjadala. Aishike maiki mkononi kama jukwaani, SM58 inavumilia, ila asiifunike kichwa kwa kiganja: yale matundu ya pembeni ndiyo yanayoipa maiki mwelekeo, na akiyaziba sauti inakuwa ya ndani ya ndoo. Sentimita 5 mpaka 10 kutoka mdomoni. Kompresa (kifaa cha kubana sauti) uwiano wa 4 kwa 1, ibane desibeli 6 hivi, na iachie ndani ya milisekunde 100. Ikichelewa kuachia, neno la kwanza la kila mstari linamezwa na mwisho wa mstari uliopita.

Waitikiaji wasimame wote, bendi nzima, kuzunguka maiki moja, mita moja mbali, mara mbili. Hapo wasiosemeshana watalazimika kutazamana kwa dakika kumi. Fundi mwenye akili anaweka sehemu hii kabla ya mazungumzo ya pesa.

Ratiba basi. Saa moja asubuhi mizigo ishuke. Saa mbili mpaka nne kufunga na kupima, zote mbili, msizibane. Saa nne mpaka saa sita na robo bendi ipige, teki zisizidi nne kwa wimbo. Adhana ya adhuhuri tunapumzika, watu waswali, wale. Maiki za juu ya dramu zinasikia msikiti hata dirisha likifungwa. Saa nane magitaa ya pili na marekebisho. Baada ya alasiri, mwimbaji na waitikiaji. Kabla ya magharibi, nakala. Ijumaa msipange kabisa.

Nakala ni hivi: kila traki (sauti ya maiki au chombo kimoja) ianzie sifuri, faili za WAV, jina liseme wimbo na chombo, bila kutegemea programu uliyotumia. Hifadhi diski mbili tofauti, na nakala ya tatu iondoke na mtu mwingine kwenda nyumba nyingine usiku uleule. National Wake ya Johannesburg, Weusi na Weupe wakipiga panki pamoja chini ya ubaguzi wa rangi, walitoa albamu moja tu, 1981, wakavunjika mwaka uliofuata. Dunia iliwasikia sawasawa 2013 rekodi zao zilipotolewa upya. Miaka zaidi ya 30. Jiulizeni faili la programu ya leo litafunguliwa na nani miaka 30 ijayo.

Miksi iwe na mwakilishi mmoja wa bendi, jina lake limeandikwa kabla. Miksi ya watu wanne walioachana huisha kwa kila mtu kupandisha chombo chake. Sina zaidi hapo.

Santuri yenyewe. Inchi 7 kwa mizunguko 45 inabeba vizuri dakika nne na nusu kwa upande; kwa 33 unafika sita. Ukizidisha, mifereji inabanana, mkataji (fundi anayeichonga mifereji) anapunguza sauti, na hadikoo ya sauti ndogo ni aibu. Dakika kumi za nyimbo sita: mizunguko 33, dakika tano kila upande. Mpe mkataji masta (rekodi ya mwisho iliyokamilika) isiyobanwa. Ile iliyosukumwa mpaka ukutani kwa ajili ya mtandaoni, kwenye santuri haiongezi sauti, inaongeza mkwaruzo. Chini ya hetsi 150 kila kitu kiwe katikati (sawa kushoto na kulia), la sivyo sindano inaruka. Herufi S na simbali, kati ya hetsi 5,000 na 8,000, zipunguzwe kabla, maana sindano haiwezi kuzifuata. Na kadiri mfereji unavyokaribia katikati ya santuri ndivyo sauti za juu zinavyofifia, kwa hiyo wimbo wenye simbali nyingi uanze upande, wa polepole uufunge. Bahati nzuri bendi ya kuagana inataka hivyohivyo.

Zamani santuri nyingi za bendi za Tanzania zilishindiliwa Nairobi. Leo mtaagiza mbali zaidi. Ombeni nakala tano za majaribio, msikilize zote, tena kwa pleya ya bei rahisi. Mlio wa "tak" ukiwa mahali palepale kwenye nakala zote, kosa liko kwenye bamba la kushindilia, kataeni. Ukiwa kwenye nakala moja tu ni vumbi la siku hiyo. Sauti ikipanda na kushuka kila mzunguko, tundu halikukaa katikati. Mzigo ukifika bandarini msiuache kwenye gari lililofungwa juani: plastiki ya santuri ikifika nyuzi 60 hivi inaanza kulegea, na iliyopinda hairudi. Zipangwe wima. Mkikosa fedha, kanda. Bad Brains walitoa albamu yao ya 1982 kwa kaseti peke yake, na hakuna anayewadharau kwa hilo.

Karatasi ya makubaliano iandikwe kabla ya siku ya kurekodi. Nusu ukurasa. Nani mtunzi wa maneno na wa muziki, kwa asilimia, kila wimbo. Nani anamiliki rekodi. Gharama zinarudishwa kwa nani kwanza. Jina na nembo ya bendi baada ya leo ni vya nani. Nani anaruhusu toleo jipya, na akifariki nani anashika nafasi yake. Nyote mtie saini, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Msidhani undugu unatosha. Dead Kennedys walitoa albamu ya mwisho 1986; kesi ya mirabaha kati yao ilianza 1998, na baraza la mahakama likaamua dhidi ya mwimbaji wao mwaka 2000. Black Flag walipelekana mahakamani 2013 juu ya jina na nembo, karibu miaka 30 tangu bendi ya awali ivunjike. Watu hao walianza wakipinga biashara ya muziki.

Nimeletewa maswali mawili.

La kwanza: kwa nini tusinyooshe dramu kwenye kompyuta, kama tunavyofanya singeli? Unaweza, lakini dramu, gitaa na besi vilipigwa chumba kimoja, na sauti ya snea imo ndani ya maiki ya gitaa. Ukiisogeza snea milisekunde 20 kwenye traki yake, ile iliyo ndani ya gitaa inabaki ilipokuwa, unasikia snea mbili. Kama teki moja ina ubeti mbovu, chukua ubeti huo mzima kutoka teki nyingine, traki zote kwa pamoja, ukate milisekunde chache kabla ya kiki, uunganishe kwa mwingiliano wa milisekunde tano. Ndiyo maana nilisema mapigo ya teki yasitofautiane kwa zaidi ya sita.

La pili, kutoka kwa dada pale dirishani: mabamba ya chuma ya kushindilia santuri yanabaki kwa nani? Inategemea kiwanda. Vingine vinayatunza kwa muda maalumu kisha vinayayeyusha bila kupiga simu. Ulizeni kwa maandishi wanayatunza muda gani, kama wanaweza kuwatumia lile bamba la kati linalozalisha mengine, na kwa anwani ya nani. Bendi itakuwa haina tena anwani, kwa hiyo jina la mtu huyo liingie kwenye ile nusu ukurasa, na barua ya kuulizia itumwe kabla hamjalipa awamu ya mwisho.